Shahada ya Kiingereza na Kijana wa Ihumwa



Ihumwa iko mashariki ya Jiji la Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro. Kwa miaka mingi jina hilo lilijulikana na wenyeji wake, wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa Kigogo, pamoja na wasafiri wachache waliolisoma kibaoni wakiwa wanapita. Tangu mwaka 2019, zilipofunguliwa ofisi za kwanza za Mji wa Serikali huko Mtumba, jirani kabisa, mambo yamekuwa mengine. Mashamba yamepimwa yakawa viwanja, reli ya kisasa imepita, na kila asubuhi vijana wa Ihumwa huwaona watumishi wa wizara wakiteremka garini na majalada kwapani.

Kijana anayekua mahali kama hapo hujifunza mapema kwamba milango ile hufunguliwa kwa elimu, na kwa wazazi wengi neno elimu lina maana ya Kiingereza. Ndipo linapozuka swali linalosumbua nyumba nyingi kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa. Mtoto amesoma tahasusi ya HGL au HKL. Alama yake ya Kiingereza imepita za masomo mengine. Baba ana fedha kidogo iliyobaki katika fidia ya shamba. Mwalimu naye amekwisha kutoa ushauri wake: kasome Kiingereza chuo kikuu, kwa maana anayejua Kiingereza hakosi kazi.

Mazungumzo haya yanahusu ushauri huo. Sehemu yake ya kwanza ni njema. Sehemu ya pili si kweli tena, na wapo waliokwisha kuilipia kwa miaka yao.

Ushauri huo una asili yake. Enzi za mkoloni, karani aliyeweza kuandika barua ya Kiingereza bila kosa alikuwa mtu wa kuamkiwa njiani, hata kama hakujua jambo jingine lolote. Kasumba hiyo haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Lakini mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Kiingereza kikabaki na makao yake: sekondari na vyuo vikuu, mahakama za juu, mikataba, na mawasiliano na mataifa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikisifu kwa kukiita Kiswahili cha dunia. Kilichokwisha ni ile hali ya kukijua kuwa cheo. Kikawa chombo, na mwenye chombo huulizwa anakifanyia kazi gani.

Wanaoshikilia ushauri wa zamani hupenda kumtaja Rais wa Awamu ya Tatu, Ndugu Benjamin William Mkapa. Mfano huo una haki ya kutajwa Dodoma, kwa sababu kazi yake ya mwanzo serikalini aliifanyia hapa. Alihitimu Makerere mwaka 1962 kwa shahada ya Kiingereza, na mwaka huohuo akawa ofisa utawala Dodoma, kisha akahamia Mambo ya Nje. Mwaka 1966 alikabidhiwa uhariri wa magazeti ya chama, The Nationalist na Uhuru. Mwaka 1972 akawa mhariri wa Daily News. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais, mwaka 1976 akaliongoza Shirika la Habari, SHIHATA, lilipoanza, na mwaka 1977 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1995 chama chake kilimteua kuwa mgombea wa urais katika ukumbi wa Chimwaga, hapahapa Dodoma.

Anayeisoma orodha hiyo kwa haraka atasema kwamba Kiingereza kilimfikisha Ikulu. Anayeisoma taratibu huona mambo mengine mawili. La kwanza ni kwamba shahada ile haikukaa peke yake hata mwaka mmoja. Mwaka 1963 alikuwa tayari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akisoma mambo ya uhusiano wa kimataifa. Na alipoingia katika uhariri, alishika magazeti mawili, moja la Kiingereza na moja la Kiswahili, kazi isiyowezekana kwa mtu mwenye lugha moja tu kichwani. La pili ni saa yenyewe. Mwaka 1962 nchi ilikuwa na wahitimu wachache mno, na ofisi zilizoachwa na wakoloni zilikuwa zikiwatafuta. Leo wahitimu ndio wanaozitafuta ofisi. Mapema mwaka 2025, serikali ilipofanya usaili wa walimu, waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Kumpa kijana wa leo mfano wa mwaka 1962 bila kumweleza hesabu hiyo si kumtendea haki.

Ualimu ndio mlango wa kwanza ambao kijana huyu huuona, wala si ajabu, kwa kuwa walimu ndio wasomi aliokaa nao zaidi. Hapo ipo tofauti ambayo yapasa aijue kabla ya kujaza fomu ya udahili. Ziko shahada mbili ambazo majina yake hufanana masikioni. Shahada ya sanaa katika elimu ina masomo ya ualimu ndani yake, ina mazoezi ya kufundisha, na mwanafunzi hubeba masomo mawili ya kufundishia. Shahada ya sanaa katika Kiingereza haina ualimu. Aliyeipata, akitaka kushika chaki katika shule ya serikali, hana budi kurudi darasani kwa stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo kwa kawaida ni mwaka mzima na ada yake. Tofauti hiyo imo katika mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, kitabu ambacho shule nyingi hukitazama kwa ajili ya kipengele cha sifa za kuingilia tu, yaani masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, kisha hukifunga.

Hata aliyechagua shahada ya ualimu kwa usahihi hana hakika ya ajira. Wapo walimu wa masomo ya sanaa waliohitimu mwaka 2015 ambao walikaa miaka mingi wakisubiri. Jambo hili linauma zaidi kwa sababu haja ya walimu wazuri wa Kiingereza ni kubwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakaona kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakuwa na kiasi cha kutosha kusomea masomo yao, na kuanzia mwaka 1987 ukaletwa mradi wa msaada uliojaza shule vitabu vya kusoma. Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza anaweza kueleza leo ni kiasi gani cha tatizo hilo kingalipo. Mtoto husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, halafu baada ya muda mfupi tu baiolojia inamjia kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia kuomba maji. Kwa hiyo haja ipo; ikama ya mishahara ndiyo isiyotembea sawa na haja. Shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza huajiri, lakini hutazama kwanza kama mwombaji anaweza kusimama mbele ya watoto wa miaka sita akawasemesha Kiingereza chepesi kilicho sahihi. Mhitimu aliyeandika tasnifu nzuri juu ya riwaya anaweza kushindwa jaribio hilo asubuhi moja.

Sasa ni vema kuifungua shahada yenyewe. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 3,600. Sehemu kubwa imekwisha kupangwa na chuo. Sehemu nyingine mwanafunzi hujichagulia. Masomo ya lazima aghalabu hugawanyika katika isimu, yaani sauti, maumbo ya maneno, miundo ya sentensi na maana, na katika fasihi. Fasihi hiyo si ile ya mkoloni tena. Mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake iwekwe idara ya fasihi itakayoiweka Afrika katikati. Mjadala ule uligusa vyuo vya Afrika Mashariki yote. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa leo haendi chuoni kukariri washairi wa Uingereza, ingawa wazazi wengi bado hudhani hivyo.

Shida iko katika saa za kujichagulia. Kijana hufika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika vilima vya Chimwaga, au Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka huohuo mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Mwaka wa kwanza anafuata wenzake. Mwaka wa pili anachagua masomo yanayosemwa kuwa ni mepesi. Mwaka wa tatu, miezi mitatu kabla ya mtihani wa mwisho, ndipo anaanza kuuliza kwamba shahada hii inafanya kazi gani. Swali hilo lingeulizwa wiki ya kwanza lingekuwa na majibu mengi, maana Kiingereza ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili hutoka kwingine: uandishi wa habari, sheria, ukutubi, uhusiano wa kimataifa, utalii, lugha nyingine. Na kwa Mtanzania, nusu iliyo karibu kuliko zote ni Kiswahili, ambacho wanafunzi wengi wa Kiingereza hukiacha wakidhani wanakijua tayari.

Hapa ndipo penye mambo mengi ya kusemwa.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, huku likiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapokihitaji. Kabla ya hapo, Mahakama za Mwanzo zilifanya kazi kwa Kiswahili, lakini kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Hebu ifikiriwe kazi ile. Mzee wa Kigogo anasimama kizimbani, anasema Kigogo, mkalimani anageuza kwa Kiswahili, hakimu anageuza kwa Kiingereza, na maandishi hayo ya Kiingereza ndiyo yanayokwenda rufani. Maneno ya mzee yamevuka mito miwili kabla hayajafika kwa jaji, na hakuna hata mmoja kati ya waliomvusha aliyefundishwa tafsiri kama fani.

Mabadiliko ya mwaka 2021 hayakuiondoa kazi hiyo, yaliigeuza uso. Sheria za nchi zilizorundikana tangu ukoloni ziliandikwa kwa Kiingereza, zote hazina budi kuletwa katika Kiswahili, na tafsiri ya sheria haivumilii uzembe. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilitungwa kwa Kiingereza, nazo ndizo zinazogusa moja kwa moja familia ambayo shamba lake limepimwa kuwa viwanja. Kati ya kusema kwamba ofisa "atalipa" fidia na kusema kwamba ofisa "anaweza kulipa" fidia, kuna umbali wa nyumba ya bati. Anayefasiri lazima ajue kwamba katika Kiingereza cha sheria umbali huo hubebwa na neno moja dogo la msaada, ambalo katika maongezi ya kawaida halina uzito wowote. Somo la isimu linalodharauliwa na wanafunzi, la vitenzi visaidizi na maana zake, ndilo linalofundisha jambo hilo. Mwanafunzi wa Kiingereza aliyelisoma vizuri, akawa pia amesoma muundo wa Kiswahili kwa bidii ileile na kozi moja au mbili za sheria, ana mahali pa kusimama katika nchi hii. Aliyesoma Kiingereza tu ataelewa sheria ya Kiingereza, kisha ataiandika kwa Kiswahili cha kubabaisha.

Wala tafsiri si jambo la mahakama peke yake. Mwalimu Nyerere, ambaye Kiingereza kilikuwa miongoni mwa masomo yake ya shahada huko Edinburgh kati ya 1949 na 1952, alikitumia Kiingereza hicho kumleta Shakespeare katika Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa na nchi nzima mabegani. Samuel Mushi alimleta Makbeth mwaka 1968. Baada ya hapo mwendo ulipungua. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa riwaya yake ya Paradise mwaka 1994. Habari zake ni za pwani na bara ya nchi hii, na wahusika wake ni watu ambao katika maisha yao wangesema Kiswahili. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli, ndipo Ida Hadjivayanis akaitoa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Miaka 28 ilipita, na katika miaka hiyo vyuo vya Afrika Mashariki vilitoa wahitimu wa Kiingereza kila mwaka. Si kwamba hawakuwa na akili. Fani ya kufasiri haikuonwa kuwa kazi, na wachapishaji hawakuwa na fedha ya kuilipia. Hilo la pili halijapona, na kijana anayedhani ataishi kwa kufasiri riwaya peke yake aelezwe mapema.

Panapolipa zaidi ni ukalimani, na huko ngazi ni ndefu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Arusha pana makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Lakini mikutano ya namna hiyo haimwiti mtu kwa sababu ana shahada ya kwanza. Ukalimani wa papo kwa papo husomewa juu ya shahada hiyo, na mwenye lugha tatu humpita mwenye mbili. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi Arusha mpaka mwaka 2015, iliendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wake wengi walisema Kinyarwanda. Asiyejua Kifaransa wala Kinyarwanda alibaki nje ya chumba cha wakalimani. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, Kifaransa kimezidi kuwa karibu. Kijana wa Ihumwa, ambaye amekua na Kigogo nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza shuleni, amekuwa akivuka kutoka lugha moja hadi nyingine tangu utotoni bila kulipwa. Kuongeza ya nne hakumtishi kama kunavyomtisha aliyekulia mjini na lugha moja.

Dodoma ina kazi nyingine ambayo vijana wake hawaioni kwa kuwa imo ndani ya ukuta. Kila neno linalosemwa bungeni huandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge. Kanuni huruhusu Kiswahili na Kiingereza, na wasemaji huchanganya zote mbili katika sentensi moja, wakati mwingine na methali ya kabila juu yake. Kuandika maneno hayo yasomeke, bila kumpunguzia msemaji maana wala kumwongezea hekima, ni ufundi. Ndugu yake ni uhariri wa vitabu. Mwaka 2017 vitabu kadhaa vya kiada vililalamikiwa hadharani kwa makosa yaliyokuwamo, kikiwamo cha Kiingereza cha watoto wadogo, na vikaondolewa shuleni. Wengi waliwalaumu waandishi. Lakini kitabu hupita mikononi mwa mhariri na msoma prufu kabla ya kwenda mtamboni, na kazi hizo mbili zina watu wachache waliosomea. Mwanafunzi wa shahada ya Kiingereza anayejua kusoma prufu kwa alama zake sahihi anaweza kuthibitisha uwezo wake kwa nusu saa, jambo ambalo cheti hakiwezi.

Itasemwa kwamba mashine sasa zinafasiri na kuandika barua. Ni kweli, na kazi nyepesi zimeanza kupungua. Barua ya kawaida ambayo zamani ilimpa kijana posho ya kwanza, leo bosi huipitisha katika simu yake. Mashine hizo huteleza hasa katika Kiswahili, kwa kuwa maandishi yake waliyopewa ni machache kuliko ya Kiingereza, na huteleza kwa ufasaha, hata msomaji asiyejua lugha zote mbili hashtuki. Atakayehitajika ni yule wa kushtuka. Hiyo ni sababu nyingine ya kutosoma Kiingereza peke yake.

Liko pia jambo la fedha, ambalo huzungumzwa kwa haya. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wake kila mwezi mpaka liishe, na asiyeajiriwa halisamehewi kwa sababu hiyo. Mzazi aliyeuza kiwanja ili kuziba pengo la ada naye ana deni lake, ingawa hakuna bodi inayomdai. Shahada ya Kiingereza iliyopangwa haigharimu zaidi ya isiyopangwa. Krediti ni zilezile, miaka ni ileile. Hakuna udhuru, basi, wa kumwacha kijana achague gizani.

Watumishi wenyewe wamo katika mazungumzo haya. Mwalimu wa stashahada aliye kazini, au karani wa wizara ambaye kila siku hupokea barua za wahisani kwa Kiingereza na kuzijibu kwa Kiswahili cha kuazima, ana nafasi nzuri kuliko kijana aliyetoka kidato cha sita, kwa sababu nusu ya pili ya kazi anayo tayari. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi. Asiyekwenda huko kwa kutaka kupandishwa daraja tu, bali akachagua kozi zinazogusa jalada lililo mezani kwake, hufaidi kabla hajahitimu.

Kwa walimu wa kidato cha tano na cha sita, lipo zoezi lisilohitaji bajeti. Darasa lipewe tangazo la serikali la Kiswahili lenye mistari kumi, kila mmoja aligeuze kwa Kiingereza. Wiki inayofuata, kila mwanafunzi apewe karatasi ya mwenzake, bila kuonyeshwa tangazo la asili, alirudishe katika Kiswahili. Kisha matangazo yasomwe yote kwa sauti, lile la asili likiwa la mwisho. Wataonekana waliopoteza tarehe, waliogeuza "lazima" kuwa "vema", na wawili au watatu ambao tangazo lao limerudi nyumbani likiwa zima. Hao waitwe pembeni waulizwe wanafikiria kusoma nini. Tangazo la upimaji wa viwanja, la aina inayobandikwa katika ofisi za kata, linafaa kabisa. Ni fupi, lina siku ya mwisho ya kuleta malalamiko, na pale Ihumwa wanafunzi wengi wana mtu nyumbani ambaye linamhusu.